Kabla Hujanunua Spika Nyingine

Kwa miezi minane nilisikiliza muziki huku spika yangu ya kulia ikiwa imefungwa waya kinyume: wa chanya kwenye hasi, wa hasi kwenye chanya. Besi ilikuwa nyembamba, sauti ya mwimbaji ilitangatanga chumbani bila kutua, na mimi nikaamua kwamba mwenye kosa ni amplifaya. Nikanunua nyingine. Hali ikawa ile ile. Nikanunua waya mnene zaidi, na wakati wa kuufunga nikarudia kosa lile lile, maana niliiga ulivyokuwa wa zamani. Siku nilipogundua, kazi nzima ilikuwa ya dakika mbili na bisibisi.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na yale yasiyogharimu kitu, na ununuzi unakuja mwishoni. Wengi wetu tunaanza kinyumenyume. Tunasoma habari za mitambo iliyojipatia jina, roho inaingia tamaa, tunaitafuta, tunaifikisha nyumbani na kuipachika pale palipokuwa na ile ya kwanza. Kumbe karibu kila mtambo uliokumbukwa miaka mingi ulikumbukwa kwa sababu aliyeuunda alijua vizuri utakaa wapi na utafanya kazi gani. Baadhi nitaitaja njiani, kila mmoja kwa funzo lake.

Hatua ya 1: Chagua nyimbo tatu, usizibadilishe

Wa kwanza uwe na sauti ya mtu mmoja anayeimba karibu na maikrofoni, muziki ukiwa mchache nyuma yake. Wa pili uwe na gitaa la besi linalotembea noti kwa noti, likipanda na kushuka. Wa tatu uwe umerekodiwa mbele ya watu, wenye kwaya au makofi. Wa kwanza utakuonyesha kama sauti ya binadamu inasikika ya binadamu. Wa pili utafichua noti ambazo chumba chako kinazimeza au kuzivimbisha. Wa tatu utakuonyesha kama unasikia ukumbi au ukuta wa kelele tu.

Si lazima uzipende. Mimi wa pili nimeuchoka kabisa, na hilo limenisaidia: simsikilizi tena mpigaji, nasikiliza chumba.

Hatua ya 2: Hakikisha spika zote mbili zinasukuma pamoja

Zima amplifaya. Shika waya wa spika ya kushoto, ufuate kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha fanya hivyo kwa wa kulia. Karibu kila waya wa spika una alama upande mmoja: mstari, maandishi, au upande mmoja una rangi ya shaba na mwingine ya fedha. Upande wenye alama uende kwenye nyekundu kote kuwili, kwenye amplifaya na kwenye spika.

Ukiwa na shaka na spika yenyewe, labda imewahi kufunguliwa na fundi, ichomoe kabisa kwenye amplifaya. Chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha chanya ya betri kwenye nyekundu ya spika na hasi kwenye nyeusi, mguso wa kufumba na kufumbua tu. Koni ya wufa, ile spika kubwa ya besi ndani ya boksi, itaruka kidogo mbele. Ikirudi ndani, imegeuzwa. Spika nyingi za zamani za JBL zilitengenezwa makusudi koni irudi ndani, kwa hiyo usikimbilie kuifungua: la maana ni kwamba spika zako mbili zinakwenda upande mmoja. Na betri usiiguse kamwe kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, iliyotolewa kwenye boksi; unaweza kuiharibu.

Sasa piga ule wimbo wa kwanza na kaa katikati. Mwimbaji atasikika kutoka mahali pasipo na kitu, hewani kati ya spika mbili. Ujanja huo una umri mkubwa. Mwingereza Alan Blumlein aliuombea hataza mwaka 1931, miongo miwili na zaidi kabla santuri za stereo hazijaanza kuuzwa. Kama huyo mwimbaji wa hewani humpati, au anasikika kama amekaa ndani ya kichwa chako, rudi kwenye waya. Usiendelee na hatua inayofuata hadi umpate.

Hatua ya 3: Sogeza spika

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo watu wengi hawafiki. Tenga mchana mmoja. Tafuta futi ya kupimia, utepe wa karatasi wa kubandika sakafuni, na mtu wa kukusaidia kubeba kama maboksi ni mazito.

Kwanza elewa ukuta unafanya nini. Sauti ya besi haiendi mbele tu kama tochi. Inatoka pande zote za boksi. Ile iliyokwenda nyuma inagonga ukuta na kurudi, na inapoikuta ile ya mbele, ama zinasaidiana ama zinauana. Sauti inasafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Ukiweka spika mita 1 kutoka ukutani, noti zilizo karibu na hezi 86, yaani mitetemo 86 kwa sekunde, zinarudi zikiwa zimechelewa nusu wimbi, zinauana na zile za mbele, na shimo linabaki katikati ya besi. Spika ikiwa nusu mita kutoka ukutani, shimo linahamia kwenye hezi 171, ambako ndiko uliko mwili wa sauti ya mwanamume. Ndiyo maana sentimita 20 tu zinaweza kumfanya mwimbaji yule yule awe na kifua au awe na mafua.

Mmarekani Paul Klipsch aliliangalia tatizo hilo na kuamua kufanya urafiki na ukuta. Spika yake ya mwaka 1946, Klipschorn, inasukumwa hadi kwenye pembe ya chumba, na kuta mbili za pembe zinakuwa mwendelezo wa tarumbeta ya besi iliyokunjwa ndani ya boksi. Ukiivuta mita moja mbele umeinyang'anya nusu ya mwili wake. Quad ESL, iliyotoka Uingereza mwaka 1957 kwa mkono wa Peter Walker, iko kinyume kabisa: ni utando mwembamba unaotikiswa kwa umemetuamo, unatoa sauti mbele na nyuma kwa nguvu sawa. Hiyo ukiibandika ukutani umeiua; inataka hewa nyuma yake. Waliozisikiliza zote mbili wanabishana hadi leo ipi ni bora, na nadhani nusu ya ubishi ule ni wa watu waliosikia moja katika chumba cha mwenzake.

Spika zako huenda si moja ya hizo. Ni boksi la kawaida, na kwa boksi la kawaida fanya hivi:

Panga pembetatu. Nafasi kati ya spika mbili ikaribie nafasi kutoka kila spika hadi kichwani kwako, tuseme mita 2 kwa 2, au 2.5 kwa 2.5. Twita ziwe usawa wa sikio lako ukiwa umeketi. Spika iliyowekwa sakafuni inawaimbia magoti, na ile ya juu ya kabati inaiimbia dari.

Kiti chako kisiguse ukuta wa nyuma, na kisiwe katikati kabisa ya chumba. Chumba chenye urefu wa mita 4 kina mtetemo wake mkuu kwenye hezi 43 hivi. Mtetemo huo unajaa kwenye kuta na kutoweka katikati. Aliyeegemea ukuta anavimbiwa na besi; aliye katikati anaikosa na kudhani anahitaji sabufa, spika ya besi peke yake. Anza theluthi moja ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa nyuma yako, kisha usogee kidogo kidogo.

Sasa piga wimbo wa pili, ule wa besi inayotembea. Sikiliza kama kuna noti inayopiga kelele kuliko wenzake, au inayopotea mpigaji anapoifikia. Vuta spika zote mbili mbele kwa upana wa kiganja, rudi ukae, usikilize tena. Kila unapopata mahali panapofaa, bandika utepe kwenye pembe za boksi na uandike namba. Ukifika namba ya tano utashangaa kwamba ya kwanza uliwahi kuivumilia.

Kama una sabufa, kuna njia ya haraka inayochekesha walio nyumbani lakini haina mpinzani. Weka sabufa pale unapokaa, kwenye kiti hasa. Piga besi. Kisha tambaa kwa mikono na magoti kando ya kuta, kichwa kikiwa chini. Utapita mahali ambapo besi inavuma kama ngoma tupu, utapita ambapo haipo kabisa, halafu utafika mahali ambapo kila noti ina uzito sawa. Hapo ndipo sabufa itakapoishi.

Mwisho, geuza spika zikutazame kidogo. Zikielekea mbele moja kwa moja, jukwaa linakuwa pana ila katikati panalegea. Zikikukodolea macho, mwimbaji anakuwa mkavu na twita zinaweza kuchosha. Mimi huzigeuza hadi zikutane kama nusu mita nyuma ya kichwa changu. Masikio yako yataamua.

Hatua ya 4: Tuliza chumba, usikizike

Simama karibu na kiti chako, piga kofi moja kali. Ukisikia mlio wa kutetemeka kama chemchemi ya chuma, sauti inarukaruka kati ya kuta mbili tupu zinazotazamana. Zulia, pazia zito, kochi la kitambaa na rafu ya vitabu vya ukubwa tofauti vitafanya kazi kubwa kuliko kifaa chochote utakachouziwa.

Kujua pa kuanzia, kaa kwenye kiti na mwombe mtu atelezeshe kioo kwenye ukuta wa pembeni, usawa wa kichwa chako. Pale unapoiona spika ndani ya kioo ndipo sauti inapogonga na kukufikia ikiwa imechelewa kidogo. Weka kitu kinene hapo. Fanya hivyo pande zote mbili.

Neno moja kuhusu trei za mayai ukutani: zivue. Wimbi la hezi 100 lina urefu wa mita 3.4, karatasi iliyobonyea haliioni kabisa. Trei zinameza ncha ya juu ya trebo, yaani sauti nyembamba za juu, peke yake, besi inabaki ikivuma, na chumba kinakuwa kizito na kisicho na nuru kwa wakati mmoja. Besi hunaswa na vitu vinene, sponji nzito au pamba ya madini yenye unene wa sentimita kadhaa, vikijazwa kwenye pembe.

Hatua ya 5: Wati, bila kudanganywa

Namba kubwa iliyoandikwa mbele ya mtambo usiifuate. Uliza mambo mawili: amplifaya inatoa wati ngapi mfululizo kwa kila chaneli kwenye ohmu 8, na spika inatoa desibeli ngapi, yaani sauti kubwa kiasi gani, kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1.

Kila ukitaka kuongeza desibeli 3, wati zinazidishwa mara mbili. Kwa desibeli 10, ambazo sikio linazihesabu kama sauti maradufu, unahitaji wati mara kumi. LS3/5A, kiboksi cha urefu wa sentimita 30 kilichobuniwa na BBC miaka ya 1970 ili mafundi wasikilize vizuri ndani ya magari ya matangazo, inatoa kama desibeli 83. Klipschorn inapita 100. Wati moja inayoitikisa Klipschorn, kwenye LS3/5A itabidi ziwe karibu na hamsini au mia ili kufika kiwango kile kile. Lakini LS3/5A haikuundwa kutikisa madirisha. Iliundwa imwambie fundi ukweli kuhusu sauti ya mtangazaji aliye jirani yake, na ndiyo maana watu wanaoipenda sauti ya binadamu bado wanaitafuta.

Kinyume na hofu ya wengi, twita haziungui kwa sababu ya amplifaya kubwa tu. Nyingi zinaungua kwa amplifaya ndogo iliyosukumwa kupita uwezo wake: wimbi linakatwa kichwa, na kukatwa huko kunazaa mkwaruzo wa masafa ya juu unaomiminika moja kwa moja kwenye twita. Ukisikia sauti inaanza kuwa ngumu na yenye makali, shusha. Amplifaya ya NAD 3020, iliyoingia sokoni mwaka 1978 ikiwa na wati 20 tu kwa kila chaneli, ilipata sifa yake hapo. Ilikuwa na akiba ya kustahimili spika ngumu kwa muda mfupi, na swichi ya nyuma ya kulainisha ukataji. Mtu aliyeisikia bila kuiona angekuuliza ni wati ngapi, na asingekuamini.

Ukiwasha kila kitu ukasikia mvumo wa chini usiokoma hata muziki ukiwa umezimwa, mara nyingi vifaa viwili vinapata ardhi kwa njia mbili tofauti. Vichomeke vyote kwenye ekstensheni moja kwanza. Waya wa ardhi wa plagi usiukate kamwe, hata mtu akikuapia kwamba ndiyo dawa. Huo ndio unaokulinda usipigwe umeme.

Na nyaya za spika? Shaba halisi ya milimita mraba 1.5 inatosha mita chache, 2.5 kama chumba ni kirefu. Sitasema zaidi, nimeshapoteza fedha zangu.

Hatua ya 6: Chanzo cha muziki

Kwa wanaosikiliza CD au faili zisizopunguzwa, habari ni fupi: kiwango cha CD cha mwaka 1982, sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16, kinatosheleza sikio la binadamu nyumbani. Ukiona rekodi inasikika imebanwa na kuchosha, mara nyingi kosa liko studio.

Santuri ndiyo inayodai mikono yako. Tangu mwaka 1954 viwanda vilikubaliana kuikata santuri besi ikiwa imepunguzwa na trebo ikiwa imeongezwa, kisha kifaa cha kukuzia cha msikilizaji kirudishe. Ukichomeka mashine ya santuri kwenye tundu la kawaida badala ya lile la fono, lenye kifaa hicho, sauti itatoka ndogo, kali, haina mwili. Wengi hutupa mashine nzima kwa kosa hilo.

Pima uzito wa sindano kwa mizani ndogo ya kidijitali. Katriji nyingi za kawaida, yaani vichwa vinavyoshika sindano, zinataka kati ya gramu 1.5 na 2, na kiwanda huandika. Usiogope kidogo cha ziada ndani ya mipaka hiyo. Sindano nyepesi mno inaruka ndani ya mfereji, na kila inapotua inachonga. Hiyo ndiyo inayoharibu santuri. Kisha hakikisha mashine imekaa sawasawa kwa pima maji, na isikae juu ya boksi la spika. Mitetemo ya besi inapanda kwenye sindano, sindano inairudisha kwenye spika, na unapata muungurumo unaojilisha wenyewe. Sindano yenyewe ifute kwa brashi ndogo, kutoka nyuma kuja mbele. Ukiifuta kwa kuielekeza nyuma utaikunja.

Hatua ya 7: Ukiamua kununua cha zamani

Spika za miaka ya 1970 na 1980 ni hazina, lakini nyingi zina ukingo wa sponji unaozunguka koni, na sponji hiyo inaoza hata kama spika haijaguswa. Bonyeza kwa ncha ya kidole, polepole. Ikivunjika kama majivu, spika bado inaokoleka: ukingo mpya unabandikwa kwa gundi, na fundi mwenye subira anaimaliza jioni moja. Ukingo wa mpira au wa kitambaa hauna tatizo hilo.

Kwenye amplifaya, zungusha kitufe cha sauti taratibu. Mkwaruzo kama wa mchanga ni vumbi na kutu, dawa ya kusafishia kontakti inatosha. Chaneli moja ikipotea na kurudi, inaweza kuwa swichi. Lakini mvumo unaobaki hata vifaa vingine vikiwa vimechomolewa, au kapasita iliyovimba kichwa, hiyo ni kazi ya fundi, na usiifungue mwenyewe: kapasita za amplifaya hubaki na umeme hata baada ya plagi kutolewa.

Niliwahi kuuziwa jozi ambayo spika moja ilikuwa na wufa isiyo yake, imepakwa rangi ifanane. Aliyeniuzia aliapa hazijawahi kufunguliwa. Sasa huwa natoa kitambaa cha mbele kabla ya kutoa fedha, na natazama misumari: parafujo yenye mikwaruzo kichwani imeshakutana na bisibisi.

Hatua ya 8: Linganisha kwa haki

Ukitaka kujua kama kifaa kipya kinazidi cha zamani, sawazisha kwanza ukubwa wa sauti. Programu ya kupimia kelele kwenye simu inatosha. Simu ikae palepale, sauti ya kupimia iwe ile ile. Kifaa kinachopiga kwa desibeli moja tu zaidi kitakusadikisha kwamba kina besi nzuri na mwimbaji aliye hai, wakati hakina. Wauzaji wanalijua hilo vizuri.

Badilisha kitu kimoja kwa siku moja, andika daftarini ulichobadilisha na ulichosikia kwenye kila wimbo kati ya zile tatu. Usisikilize ukiwa umechoka. Jioni baada ya kelele za siku nzima, hata mtambo bora unasikika umefunikwa blanketi, na unaweza kuamka asubuhi ukashangaa kwa nini uliuvua ule waya.

Kwangu alama za utepe sakafuni zimefika namba kumi na moja, na nne na saba zimeshachakaa kwa kupigwa deki. Anayesafisha husogeza spika ili afagie nyuma yake, na huzirudisha pale anapoona panapendeza. Simlaumu. Nazivuta hadi namba kumi na moja, nakaa, napiga ule wimbo wa kwanza, na mwimbaji akishatua katikati, nawaachia wengine wachague cha kusikiliza.